Bilioni ya Nani?

Tarehe 20 Desemba 1974, siku tano kabla ya Krismasi, mbunge wa Tiverton, Robin Maxwell-Hyslop, alijibiwa swali alilokuwa amemwandikia Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson. Swali lenyewe halikuhusu vita wala bei ya mafuta, ingawa mafuta yalikuwa yamewatoa watu jasho tangu mwaka uliotangulia. Mbunge alitaka mawaziri wa Malkia wanapotamka neno “bilioni” walitumie kwa maana ya Kiingereza cha kwao, yaani milioni mara milioni, wasifuate ile ya Wamarekani, ambayo ni milioni elfu moja tu.

Wilson akakataa. Alieleza kwamba neno hilo sasa linatumika kimataifa kwa maana ya milioni elfu moja, na waziri wa Uingereza akilitumia vingine atawachanganya watu. Alikiri kwamba wapo nchini mwake ambao bado wangelielewa kwa maana ya zamani, akaahidi kuwaomba mawaziri wake wawe waangalifu. Yakaishia hapo. Hapakuwa na sheria iliyotungwa wala kura iliyopigwa, na bilioni ya Waingereza ikawa imepunguzwa sifuri tatu.

Sifuri tatu zinaonekana kidogo zikiwa kwenye karatasi. Milioni elfu moja ina sifuri tisa. Milioni mara milioni ina kumi na mbili. Lakini pengo lililopo kati yake ndilo pengo lililopo kati ya mwenye shilingi elfu moja mfukoni na mwenye milioni benki. Wanasayansi wanasema dunia ina umri wa miaka bilioni nne na nusu. Mzee wa Kiingereza aliyesoma shule kabla ya Vita vya Pili vya Dunia angesikia hivyo akadhani dunia ni kongwe mara elfu moja kuliko ilivyo. Ndiyo maana vitabu vingi vya sayansi vya Uingereza vya enzi za Wilson vilipenda kuzunguka: miaka milioni elfu nne na mia tano. Ni maneno mengi, lakini hayakumpoteza mtu njia.

Mkanganyiko wote huu chanzo chake ni Wafaransa, na kabla yao Waitalia.

Kwa Kiitaliano elfu ni “mille”, na lugha hiyo ina kiambishi cha mwishoni kinachokuza vitu. Waitalia wa zama za kati walipotaka neno la elfu ya elfu, waliichukua “mille” wakaikuza ikawa “milione”. Ni sawasawa na Mswahili kuchukua elfu na kuipachika ji- ya ukubwa: jielfu. Neno likavuka milima likaingia Ufaransa, na huko mwaka 1484 likamkuta mtu mmoja asiyetosheka nalo.

Mtu huyo ni Nicolas Chuquet, Mparisi mwenye shahada ya tiba aliyekuwa akiishi mjini Lyon. Katika mswada wake wa hesabu alizikata tarakimu za namba ndefu sita sita kuanzia kulia, kisha akalipa kila fungu jina kwa kutumia namba za Kilatini. Baada ya milioni akaweka bilioni, trilioni, kwadrilioni, akaendelea hadi nonilioni. Mantiki yake ilikuwa safi mno. Bilioni ni milioni mara milioni, kwa hiyo milioni imetajwa mara mbili, na “bi” ni mbili. Trilioni ni milioni mara milioni mara milioni, imetajwa mara tatu, na “tri” ni tatu. Mtoto wa darasa la sita angeweza kuendelea mwenyewe.

Mswada wa Chuquet haukuchapwa hadi mwaka 1880, yaani karibu miaka 400 baadaye. Majina yake hata hivyo hayakusubiri. Estienne de la Roche, aliyekuwa mwalimu wa hesabu huko huko Lyon, alichapa kitabu chake mwaka 1520 akiwa amenyofoa sehemu kubwa za kazi ya Chuquet. Leo tungesema alikopi na kupesti. Bila wizi ule huenda neno bilioni lingebaki kabatini.

Baadaye, katika karne ya 17, baadhi ya wanahisabati wa Ufaransa wakaona tarakimu sita ni fungu kubwa mno kwa jicho, wakaanza kukata tatu tatu. Hilo halikuwa kosa. Sote tunaandika hivyo leo. Tatizo ni kwamba waliyachukua majina ya mafungu ya sita wakayabandika kwenye mafungu ya tatu. Fungu lililofuata milioni, ambalo lilikuwa elfu tu ya milioni, likaitwa bilioni. Lililofuata hilo likaitwa trilioni. Jina likabaki lilelile, mzigo uliokuwa ndani ukapungua.

Wamarekani walijifunza hesabu hii ya Kifaransa katika karne ya 18 na hawakuiacha tena. Waingereza walibaki na ile ya Chuquet. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 150 mtu wa Boston na mtu wa Bristol walisoma vitabu vya lugha moja, wakatumia tahajia zinazokaribiana, na wakifika kwenye sifuri ya tisa kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 1975 mwanahistoria wa hesabu wa Kifaransa, Geneviève Guitel, alizipa njia hizo majina yanayotumika hadi sasa: ngazi fupi na ngazi ndefu. Ya Marekani ni fupi, kila kipandio ni mara elfu. Ya Chuquet ni ndefu, kila kipandio ni mara milioni.

Sasa sikiliza kituko. Ufaransa, iliyowafundisha Wamarekani ngazi fupi, iliiacha rasmi mwaka 1961 ikarudi kwenye ngazi ndefu ya mwananchi wake Chuquet. Miaka 13 baadaye Uingereza, iliyokuwa imeitunza ngazi ndefu kwa karne kadhaa, ikaiacha kwa mkono wa Wilson. Mataifa hayo mawili yalipishana njiani kama mabasi mawili, kila moja likielekea kituo ambacho mwenzake ametoka.

Ukiangalia mantiki peke yake, ni vigumu kutomhurumia Chuquet. Bilioni ya Kimarekani ni elfu mara elfu mara elfu: elfu imetajwa mara tatu, jina linasema mbili. Kwenye trilioni yao elfu imetajwa mara nne, jina linasema tatu. Hakuna kinachohesabika pale. Lakini lugha haijawahi kuendeshwa na wanamantiki. Bilioni ya zamani ya Uingereza ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuwa na kazi. Hakuna wizara wala benki iliyokuwa na pauni milioni mara milioni. Kiasi kilichokuwa kikitajwa kila siku ni milioni elfu moja, elfu mbili, elfu kumi, na kwa kiasi hicho Kiingereza cha London hakikuwa na neno moja fupi linalokubalika na wengi. Neno “milliard” la Kifaransa lilikuwepo kwenye kamusi, ila watu hawakulizoea. Habari za fedha zilipokuja kutoka New York zikiwa na neno tayari, fupi na lenye kazi, waandishi wa magazeti walilidaka.

Kuna mahali pamoja tu London ambapo “milliard” haikufa, na pamejificha pazuri. Wafanyabiashara wa fedha za kigeni walizoea kupatana kwa simu, na kwenye simu yenye kelele “milioni” na “bilioni” zinafanana sauti. Ukisikia moja ukadhani nyingine, umepoteza kazi kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo waliikata “milliard” kichwa wakabaki na “yard”, neno lilelile ambalo wauza vitambaa wa Kariakoo wanaliita yadi. Dila wa fedha akisema anataka nusu yadi ya yeni, hashoni gauni. Anataka yeni milioni mia tano.

Uingereza na Marekani zikapatana, lakini Kiingereza si cha nchi hizo mbili tu. Fungua gazeti la Kiingereza la Mumbai au Delhi, na kwenye ukurasa wa biashara utatafuta milioni uchoke. Utakachokuta ni “lakh”, ambayo ni 100,000, na “crore”, ambayo ni laki mia moja, yaani milioni kumi. Pakistani, Bangladeshi na Nepali wanahesabu hivyo pia. Hata mkato unakaa mahali pengine: Mhindi hutenga tarakimu tatu za mwisho, kisha hukata mbili mbili. Laki moja ataiandika 1,00,000. Crore moja ni 1,00,00,000. Mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani mchapaji amelewa.

Ngazi hii ya Kihindi ilipimwa hadharani mwaka 2000. Waingereza walikuwa wametunga mchezo wa televisheni wa maswali na majibu, wakaupa jina la kutaka kujua nani anataka kuwa milionea. Ulipofika India, waandaaji waliona rupia milioni moja ni laki kumi tu, na mtu wa laki kumi hawezi kuifanya nchi nzima ikae macho. Zawadi ikawekwa crore moja, mchezo ukaitwa Kaun Banega Crorepati, na mwendeshaji akawa Amitabh Bachchan. Miaka minane baadaye ikatoka filamu ya Slumdog Millionaire, ambayo kijana wake anashinda rupia milioni 20. Kwa watazamaji wa London jina lilikaa sawa. Ilipoingizwa sauti za Kihindi kwa ajili ya soko la nyumbani, jina likabadilishwa likawa Slumdog Crorepati.

Mswahili akicheka crore na acheke taratibu, maana laki anayoitumia kulipia kodi ya nyumba imetoka huko huko. Ilivuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara, kama rupia ilivyovuka. Wajerumani walitengeneza rupia yao wenyewe kwa ajili ya koloni lao la Afrika Mashariki, na Waingereza walitumia rupia Kenya na Uganda hadi mwaka 1920. Rupia iliondoka, laki ikabaki. Crore yenyewe haikupata nafasi. Siku hizi Mswahili akishamaliza laki tisa hurukia milioni, neno la Waitalia. Chukua kiasi cha kawaida tu, kama bei ya pikipiki iliyotumika: milioni moja, laki mbili na elfu ishirini na tano. Milioni ni ya Ulaya, laki ya India, elfu na ishirini za Uarabuni, na hiyo mbili na hiyo tano ni za Kibantu.

Tuichukue namba moja ya nyumbani tuizungushe. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Mtu wa Chicago ataisoma vivyo hivyo. Mwingereza wa kabla ya 1974 angesema bilioni 49.35, na leo Mjerumani bado anasema hivyo, ila ataandika 49,35 kwa sababu kwake mkato ndio nukta ya desimali. Mhindi atasema lakh crore 49.35, kwa kuwa laki moja ya crore ni trilioni moja kamili ya Kimarekani. Na hapo pana sadfa ya kufurahisha: bajeti ya Serikali Kuu ya India ya mwaka huohuo ilikuwa rupia lakh crore 48.21. Kwa tarakimu tupu, Dodoma ilikuwa imeipita Delhi. Tabu ni kwamba rupia moja ilikuwa inakwenda kwa shilingi kama thelathini hivi.

Wasomaji wa Bukavu na Bujumbura watakuwa wameshangaa kwa nini hawajatajwa. Kongo, Burundi na Rwanda zilirithi hesabu ya Kifaransa kupitia Wabelgiji, na huko milioni elfu moja ni “miliari”, au “miliyari” kwa Kinyarwanda. Rwanda imehamia Kiingereza shuleni tangu 2008, lakini kwa Kinyarwanda bajeti yake ya 2024/25 bado ilitajwa kuwa faranga miliyari 5,690. Mtanzania angeiita trilioni 5.69. Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Waswahili wa ngazi mbili walijikuta meza moja. Mfanyabiashara wa Goma aliyesoma kwa Kifaransa akimsikia mwenzake wa Kigoma akitaja bilioni, kitabu chake cha shule kinamwambia ni sifuri kumi na mbili, wakati Kigoma wamemaanisha tisa. Kiswahili chao ni kimoja. Bilioni ni mbili.

Kanada wanaishi na jambo hili ndani ya nchi moja. Bajeti ya serikali yao hutoka kwa Kiingereza na Kifaransa siku moja, na panaposomeka “billion” kwenye kitabu kimoja, kingine kinasema “milliard”. Afrika Kusini nako Kiafrikana kina “miljard” pale ambapo Kiingereza cha jirani mlango wa pili kina bilioni.

Vifupisho navyo vina yake. Kwenye meseji za Dar es Salaam na Nairobi, K ni elfu na M ni milioni, hakuna anayeuliza. Lakini kwenye biashara ya mafuta na gesi, iliyokulia Marekani, M ni elfu, kutokana na namba za Kirumi, na milioni ni MM, elfu ya elfu. Gesi huuzwa kwa kipimo cha MMBtu, ambacho ni vipimo vya joto milioni moja. Mcf ni futi za ujazo elfu moja tu. Tanzania ina gesi iliyogunduliwa ya futi za ujazo trilioni 57.54, na trilioni hiyo ni ya ngazi fupi. Mhandisi wa umeme anayejua M ni mega, yaani milioni, akiingia kwenye mkutano wa watu wa gesi bila kuonywa, atakuwa amekosea mara elfu moja kabla chai haijaletwa.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake, na huu hauhitaji mgeni. Mwambie mtoto aandike kwa tarakimu “elfu ishirini na tano”. Mmoja ataandika 25,000. Mwingine, ambaye pengine ni mbishi lakini hajakosea, ataandika 20,005. Wapo walimu wanaokwepa kwa kuigeuza: ishirini na tano elfu. Sokoni hakuna anayehangaika, kwa sababu hakuna muuzaji wa Kariakoo anayepanga bei ya 20,005. Muuza simu akisema “laki na ishirini”, mnunuzi anatoa shilingi 120,000, wala hafikirii 100,020 hata kwa utani. Bei ndiyo inayotafsiri maneno. Lakini mtu huyohuyo akiandika hundi, karani wa benki atataka aijaze kamili: laki moja na elfu ishirini tu. Hilo “tu” la mwisho lipo ili mtu asije akaongeza kitu.

Kuna pesa ambazo zimefika huko juu kabisa, ambako majina haya huwa hayasikiki nje ya vitabu vya nyota. Januari 2009 Benki Kuu ya Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni mia moja, yenye picha ya mawe yaliyobebana upande mmoja, na nyati na maporomoko ya Victoria upande wa pili. Mwaka 2015, pesa hizo zilipokuwa zinafutwa moja kwa moja, mteja aliyekuwa na hadi kwadrilioni 175 kwenye akaunti alilipwa dola tano za Marekani. Katika Zimbabwe, iliyosoma kwa Kiingereza, trilioni hizo na kwadrilioni hizo zilikuwa za ngazi fupi, ile aliyoikubali Wilson.

Miaka 85 kabla ya noti hiyo ya Zimbabwe, mwaka 1924, Ujerumani ilikuwa na noti yake kubwa iliyozaliwa na mfumuko wa bei wa mwaka uliotangulia. Wajerumani walikuwa, na bado wako, kwenye ngazi ndefu, kwa hiyo noti ile iliandikwa “Hundert Billionen Mark”: bilioni mia moja. Ilikuwa na thamani ya mia moja za sarafu mpya iliyokuja kuokoa uchumi. Wakusanyaji wa pesa za zamani huziweka noti hizi mbili kwenye albamu moja, na anayezisoma kwa majina huona ya Zimbabwe imeiacha mbali ya Ujerumani. Ya Zimbabwe imezipanga sifuri zake zote mstari mmoja, unaweza kuzihesabu kwa kidole: kumi na nne. Mwenye noti ya Ujerumani akiamua kuiandika bilioni mia moja yake kwa tarakimu, naye atahitaji sifuri kumi na nne.